Dada wa bwana harusi na kichungu cha chumvi

“Mdogo wangu wa kiume alisoma Pune, India, na sasa anamwoa binti wa Kihindu, Mgujarati wa Rajkot. Sisi ni Wakatoliki wa Moshi. Tuliomba harusi iwe tarehe 27 Desemba, wakati ukoo mzima uko likizo. Wakakataa, wakasema labda baada ya Januari 14, basi. Kabla ya hapo walikuwa wameuliza saa na mahali alipozaliwa mdogo wangu. Wiki iliyopita wifi ametutumia ratiba ya siku tatu: Ganesh, graha shanti, pithi, mehendi, garba, mameru, halafu bwana harusi atapokewa mlangoni na mama mkwe atamshika pua. Mjomba wetu ameambiwa ajiandae na mameru, naye anauliza kama safari hii ni sisi tunaotozwa mahari. Mimi nimepangiwa kukaa nyuma ya mdogo wangu na kumtikisia kichungu chenye chumvi ili kumwondolea kijicho. Mama aliposikia hilo alilia, akasema huo ni uganga wa wazi. Sitaki kumharibia mdogo wangu harusi, na sitaki kuabudu nisichokijua. Nifanye nini, na haya mambo yana maana gani?”

Dada yangu, pole. Safari haijaanza na tayari imewatoa watu machozi. Niliishi Gujarat, jimbo la India lenye huo mji wa Rajkot, miaka tisa, kwanza kama mwanafunzi, kisha nikitafiti mila za ndoa, na tangu nirudi nyumbani familia kama yenu hunijia mara kwa mara: upande mmoja wa huku, upande mmoja wa kule, na katikati ratiba iliyotumwa kwa simu bila neno la maelezo. Kwako naona mambo manne yamefungwa kitita kimoja: tarehe, heshima, pesa na dini. Matatu ya kwanza ni kutoelewana tu, na yanafunguka. La nne ni la kweli, na sitakuambia kwamba ni mchezo.

Nianze na Desemba, maana naona ndiyo iliyowachoma kwanza. Hamkudharauliwa. Katika kalenda ya Wahindu wa Gujarat, kuanzia karibu tarehe 16 Desemba hadi Januari 14 jua huhesabiwa kuwa kwenye nyota ya Mshale, na kipindi hicho hukiita kamurta. Watu hawaoi, hawahamii nyumba mpya, na mfanyabiashara anayejali mtaji wake hafungui duka. Siku kinapokwisha ni Uttarayan, sikukuu ya tiara, au vishada kama wanavyosema wa pwani. Mji mzima hupanda juu ya mapaa, watu wakikatiana nyuzi za tiara tangu alfajiri hadi giza liingie, na baada ya hapo kumbi za harusi hujaa. Sasa fikiria mtu aje kwenu aombe harusi ya kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Mngemjibu “haiwezekani” na wala msingekumbuka kumpa sababu, kwa kuwa kwenu sababu hiyo kila mtoto anaijua. Ndivyo walivyofanya wakwe zenu. Walikosea kutoeleza, kwa sababu mgeni huelezwa, lakini hawakuwakataa ninyi. Wana na kifungo kingine kirefu zaidi, miezi minne ya mvua zao, kuanzia Juni au Julai mpaka Oktoba au Novemba, ambapo inasemekana mungu wao Vishnu amelala na hakuna wa kushuhudia ndoa.

Saa ya kuzaliwa nayo inatoka kwenye hesabu hizohizo. Mnajimu hutazama mwezi ulikuwa kwenye kundi gani kati ya makundi 27 ya nyota alipozaliwa kila mmoja, kisha hulinganisha pande mbili kwa mizani nane zenye jumla ya alama 36. Zikifika 18, wengi huridhika. Kuna familia zinazovunja uchumba kwa hesabu hiyo, na kuna nyingine zinazoifanya kwa ajili ya bibi tu, ili asije akalalamika baadaye. Kwa kuwa ninyi tayari mmeletewa ratiba, hesabu imepita au imepuuzwa. Mama yako asipokumbuka saa, aseme hakumbuki. Msibuni saa ya uongo, maana hiyo ndiyo itakayowaudhi siku ikijulikana.

Ukitaka kuielewa ratiba nzima, shika neno moja: shubha. Kwa haraka ni “heri”. Kinyume chake ni kile ambacho watu wa pwani wangekiita nuksi. Mhindu anapopanga harusi, swali lake la kwanza ni kama jambo lina heri au lina nuksi. Bi harusi na bwana harusi kwa siku hizo wako njia panda: wameshatoka kwenye hali moja na hawajaingia kwenye nyingine, na mtu wa njia panda huhesabiwa kuwa mwepesi kudhurika na pia mwepesi kubarikiwa. Ndiyo maana wanapakwa, wanapambwa, wanalishwa vitamu, na hawaachwi peke yao. Aliyewahi kukaa na mwari wa pwani ndani ya chumba chenye udi hahitaji kuelezwa zaidi.

Neno la pili la kushika halina jina moja, ila utaliona kila mahali: kila tendo lina mwenyewe. Kuna la shangazi, la mjomba, la wake wa kaka, la dada wa bwana harusi. Harusi ya Kigujarati ni kama mchezo wa jukwaani ambao ukoo wote umepewa sehemu, na asiyekuwa na sehemu ndiye aliyetengwa. Wifi yako alipokuandikia kazi ya chumvi alikuwa anakuhesabu. Kama angekuacha nje ya ratiba, hapo ungekuwa na haki ya kukasirika.

Pithi ndiyo utakayoipenda. Hufanyika asubuhi, kila upande nyumbani kwake. Mdogo wako ataketi kwenye bajoth, kigoda kifupi cha mbao, amevaa nguo ambayo haitavaliwa tena. Kwenye sinia kutakuwa na uji mzito wa manjano, unga wa dengu, msandali, marashi ya waridi na mafuta kidogo. Wanawake humjia mmoja mmoja: nyayoni kidogo, magotini, mikononi, mabegani, mwisho mashavuni. Wawili watatu wa kwanza hupaka kwa adabu. Akifika binamu wa nne adabu imekwisha, na bwana harusi anapakwa hadi masikioni huku akina mama wakiimba nyimbo za kumkejeli yeye na ukoo wake. Msikasirike mkitafsiriwa. Ni utani, na utani huo una haki yake kama ule wa Wasukuma na Wazaramo msibani. Baadaye kijana au msichana asiyeoa hupakwa mabaki, ili naye zamu yake ifike upesi. Kuanzia hapo bwana harusi hatoki nyumbani mpaka saa ya harusi.

Hakuna uchawi kwenye hilo sinia. Ni singo na liwa ya kule, kwa viungo karibu vilevile. Manjano hung’arisha ngozi kidogo kwa siku mbili tatu, na rangi ya njano kwao ni ya heri. Lakini naomba unisikilize kuhusu nguo. Rangi ya manjano, kurkumini, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Hupenda mafuta, na ikikutana na magadi hugeuka nyekundu. Hilo nilijifunza kwa shida. Pithi yangu ya kwanza, Vadodara, nilikwenda na gauni jeupe kwa ujinga wangu mwenyewe. Jioni nikaliloweka na kulisugua kwa sabuni ya mche, na lile doa la njano likawa jekundu kama damu mikononi mwangu. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja mbio. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akalisuuza, akalianika juani siku mbili, na jua likafuta karibu lote, kwa sababu rangi hiyo haivumilii mwanga. Baadaye akanitolea kikopo cha kanku, ule unga mwekundu wanaoutumia kuweka alama ya chandlo kwenye paji la uso, akaniambia wa asili hutengenezwa kwa manjano yaleyale yakichanganywa na chokaa. Siku hizi wa dukani mara nyingi ni rangi ya kiwandani, lakini asili yake ni hiyo: njano ya pithi na nyekundu ya paji zinatoka kwenye shina moja. Basi vaa kitenge kikuukuu, na mwambie mama naye.

Mehendi ni hina, na hina hamfundishwi na mtu. Watawaambia kwamba rangi ikikolea mama mkwe atampenda bi harusi. Ukweli ni kwamba hukolea zaidi viganjani kwa kuwa ngozi ya pale ni nene, na hukamilika baada ya siku moja au mbili, hasa mtu akikaa bila kugusa maji. Onyo langu ni moja tu, na ni zito: hina safi haiwi nyeusi. Mchoraji akija na “hina nyeusi” inayokolea kwa dakika kumi, ndani yake kuna rangi ya nywele, ile kemikali ya PPD, jambo ambalo dada zetu wa pwani wanalijua kutokana na piko. Inaweza kutoa malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote. Ukiona mkono unawasha na kuvimba, usingoje harusi iishe. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na watoto wachanga msiwapake kabisa, hata hina safi, kwa sababu wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, ambao kwetu Afrika si wachache, inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu.

Sasa mjomba. Mwambie atulie. Kwa Kigujarati kaka wa mama anaitwa “mama”. Ndiyo, mama, na jiandaeni kujizuia kucheka mjomba wenu mwenye ndevu atakapoitwa mama mbele za watu. Mameru, wengine husema mosalu, ni zawadi ambazo huyo “mama” anamletea dada yake na mtoto wa dada yake. Hebu irudie taratibu: dada yake, na mtoto wa dada yake. Yaani mjomba wenu atamkabidhi mama yenu na mdogo wako. Hakuna hata senti inayovuka kwenda kwa wakwe. Upande wa pili, mjomba wa bi harusi naye atakuja na lake, na kwa kawaida ndiye anayemletea panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu atakayoingia nayo mandapani, kwenye kibanda cha kufungia ndoa.

Kwa nini mjomba na si baba? Kwa sababu ya urithi. Kwa vizazi vingi binti wa Kihindu aliondoka kwao na mapambo na nguo, lakini shamba na nyumba vilibaki kwa kaka zake. Sheria ya Urithi ya Wahindu ilikuja mwaka 1956, na hata hiyo haikumpa binti haki sawa katika mali ya ukoo mpaka iliporekebishwa mwaka 2005. Kaka aliyebaki na fungu la dada yake alijua anadaiwa, si kwa sheria bali kwa aibu, na alilipa kidogokidogo: sari siku hii, pete siku ile, na malipo makubwa wakati mtoto wa dada anaoa au anaolewa. Mjomba akija na mameru anautangazia umma kwamba dada yake bado ana kwao.

Wagujarati wote wanakijua kisa cha Narsinh Mehta, mshairi wa Junagadh wa karne ya 15, mji ulio kama kilomita 100 kutoka hapo Rajkot. Alikuwa fukara wa kutupwa, na binti yake Kunvarbai alipokuwa mjamzito kwa mara ya kwanza, wakwe walimwandikia baba orodha ndefu ya mameru kwa makusudi ya kumwaibisha. Yeye akakaa akaimba, na inasimuliwa kwamba mungu Krishna akaja kwa sura ya mfanyabiashara akaleta vyote na ziada. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba mwenye aibu ni aliyeandika orodha.

Kwa hiyo mjomba wenu hahitaji orodha. Alete kitenge kizuri kwa dada yake, shati au suti kwa mpwa wake, sinia la vitamu litakalonunuliwa hukohuko, na bahasha. Pesa ziishie na moja: rupia 501, 1,001. Bahasha nyingi za kule huuzwa zikiwa na sarafu ya rupia moja imebandikwa tayari, kwa maana kwamba hesabu haikufungwa, uhusiano unaendelea. Kama mjomba hana uwezo wa nauli, mwanamume mwingine wa upande wa mama anaweza kusimama badala yake, na hakuna atakayehoji.

Kuna jambo moja ambalo linawahusu kwa kweli na huenda wifi aliona haya kulitaja. Sari ya pili ya bi harusi, gharcholu, nyekundu yenye miraba na vidoti vya kufungwa kwa uzi, hutoka kwa mama wa bwana harusi. Ukiiona utaikumbuka kisutu. Mama yako asihangaike kuitafuta Moshi. Amwombe wifi aichague mwenyewe hukohuko, bei mkubaliane, na mama amkabidhi bi harusi kwa mikono yake. Akiweka na doti ya kisutu juu yake, nakuhakikishia hiyo ndiyo itakayosimuliwa.

Kuhusu mahari, ni hivi. Kwao hakuna. Tatizo la kule limegeuka upande: ni upande wa mwanamke unaokamuliwa, na jina lake ni dahej. Sheria imepiga marufuku kuitoa na kuipokea tangu mwaka 1961, na bado polisi wa India wanaandikisha zaidi ya vifo 6,000 kwa mwaka vinavyotokana nayo. Ninyi ndio upande wa mume, kwa hiyo tahadhari ni yenu: mtu wa ukoo wenu asitanie hata kidogo kwamba “mkwe atupe gari”. Zawadi zisizoombwa zinaruhusiwa, na sheria inataka ziandikwe kwenye orodha. Ziandikeni. Mkitaka nanyi kupeleka kitu cha kwenu kwa heshima ya wakwe, pelekeni, ila kahawa ya Kilimanjaro itawafaa kuliko mbege. Gujarat imezuia pombe tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, na nyumba nyingi za Kihindu za huko hazili nyama. Waandaeni wazee kwa siku tatu za dengu, maana hilo nalo limewahi kuvunja amani.

Garba ya usiku mtacheza tu, kwa duara na makofi, baadaye na vijiti. Asili yake ni kuzunguka chungu chenye taa ndani kwa heshima ya mungu mke Amba, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2023. Kwenye harusi nyingi leo ni ngoma ya furaha na spika kubwa.

Na pua? Hapo mlangoni panaitwa ponkhanu. Mama mkwe humpokea bwana harusi kwa kumwonyesha vifaa vidogo vya mbao, kila kimoja mfano wa kazi: nira ya ng’ombe, mchi, mpekecho wa maziwa, pia ya kusokotea uzi. Anamwambia bila maneno kwamba maisha anayoyaingia ni ya kulima, kutwanga, kupekecha na kusokota. Halafu anaruka kumshika pua. Kwao pua ni heshima. Mtu aliyeaibika husemwa amekatwa pua. Kwa hiyo mkwe anamkumbusha kijana kwamba amekuja kuomba, ashushe mabega. Kijana naye hukwepa, rafiki zake humkinga, wapiga picha hukanyagana. Mwisho atavunja vibakuli vya udongo kwa mguu na kuingia. Mfundisheni mdogo wenu arudishe kichwa nyuma, na abebe jozi ya pili ya viatu, kwa sababu shemeji zake wataiba ile ya kwanza na kudai pesa.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa dini.

Ganesh na graha shanti ni ibada. Mtu akikuambia “ni mila tu”, anakudanganya kwa nia njema. Mungu wao Ganesh huwekwa na kuombwa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye kuondoa vikwazo. Hata kadi ya kwanza ya mwaliko hupelekwa kwake. Kwenye graha shanti kuhani huita sayari tisa kwa majina, jua na mwezi zikiwemo, pamoja na Rahu na Ketu, ambazo ni nukta za kupatwa kwa jua na mwezi, na sadaka hutiwa motoni. Lakini kuna jambo ambalo ratiba haikukuonyesha: matendo haya kila familia huyafanya kwake. Wakwe watafanya yao kwa ajili ya binti yao. Ninyi hamlazimiki kufanya yenu, na familia iliyokubali mkwe Mkatoliki kwa kawaida haitarajii mfanye. Mkialikwa kwao, vueni viatu, kaeni nyuma, nyamazeni. Kukaa si kuabudu. Kama mtapewa prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu, na dhamiri inakataa, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, tabasamu. Wataelewa, maana nao wana vyakula wasivyogusa. Kipi hasa Mkatoliki anaweza kushiriki na kipi hawezi, mimi si wa kusema. Muulizeni paroko, na mpelekeeni ratiba yenyewe, si muhtasari wa mama aliyekwishalia.

Kwa paroko mdogo wako aende hata kama wengine hamwendi. Mkatoliki anayeoa asiyebatizwa anahitaji kibali cha askofu ili Kanisa liitambue ndoa, na Kanisa halikubali ndoa moja ifungwe mara mbili kwa dini mbili. Hilo halitatuliwi kwa simu wiki ya mwisho.

Na aende kwa wakili, hili nalisisitiza kuliko yote. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 ni ya Wahindu wawili, pamoja na Wabudha, Wajaini na Masingasinga. Akibaki Mkatoliki, moto wa harusi, mizunguko ya kuuzunguka na maua yote hayo havimfanyi mume kisheria. Njia ya watu wa dini mbili ni Sheria Maalumu ya Ndoa ya mwaka 1954: mmoja wao awe amekaa wilayani siku 30 kabla ya kutoa taarifa, kisha zipite siku nyingine 30 taarifa ikiwa imebandikwa, na siku yenyewe wawepo mashahidi watatu. Yeye kama mgeni ataombwa pia hati ya kuonyesha kwamba hajaoa, na kwa hilo aanze na ubalozi wetu New Delhi. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Januari, unaona kwamba mambo yaanze kabla ya katikati ya Novemba. Wapo wanaoona rahisi zaidi kufunga ndoa kwa msajili hapa Tanzania kwanza, ambako sheria yetu ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21, kisha kwenda Rajkot kwa sherehe. Mtu yeyote akipendekeza abadili dini “kwa karatasi tu”, asitie saini kabla ya kuonana na wakili wa hukohuko: Gujarat ina sheria ya mwaka 2003 kuhusu kubadili dini, na mwaka 2021 iliongezwa vifungu vinavyogusa ndoa.

Imebaki chumvi yako.

Tendo lenyewe ni dogo. Dada, au binti mdogo wa ukoo, huketi nyuma ya bwana harusi akatikisa kichungu chenye chumvi, kwingine punje na sarafu, na kimlio chake huzunguka kichwani pa kaka njia nzima ya kwenda harusini. Wanasema huondoa najar, neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi nadhari: jicho la mtu linalotua mahali likaacha madhara. Haitwi mungu, hasomi mtu dua. Lakini pia si pambo, kwa sababu wengi wanaolifanya wanaamini, angalau nusu, kwamba kijicho ni kitu na chumvi inakishinda. Kwa hiyo mama yako hajakosea kabisa. Ni kinga, ni zindiko. Pale alipokosea ni kuita uganga, kana kwamba kuna mtu anafungwa au anadhuriwa. Siku moja mkiwa wawili jikoni, muulize taratibu kama mdogo wako alipokuwa mchanga hakuna bibi aliyemfunga kauzi keusi mkononi. Akinyamaza, umepata jibu, na mazungumzo yatakuwa mepesi kidogo.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kufanya, ukijua moyoni kwamba unamtikisia mdogo wako mapenzi, na kwamba wanaotazama watasoma wanavyosoma. Ya pili ni kumwachia kabinti ka upande wao; mdogo wako akimkubali kama dada kwa siku hiyo, desturi imetimia. Ya tatu ndiyo ninayoipendelea kwako, kwa sababu dhamiri yako imeshasema na mama anatazama: omba ubadilishiwe kazi. Usimwambie wifi “dini yangu hairuhusu mambo yenu”. Mwambie, “Hili la chumvi kwetu linagusa imani ya mama, nipe jingine la dada.” Mpigie mwenyewe, usimtume mdogo wako katikati.

Na jingine lipo, tena kubwa zaidi. Katika familia nyingi za Kigujarati ni dada wa bwana harusi anayefunga chheda chhedi, fundo linalounganisha skafu ya kaka yake na sari ya bi harusi kabla hawajauzunguka moto. Hakuna chumvi wala kijicho. Ni nguo mbili na vidole vyako. Dada hudai malipo yake palepale mbele ya wote, na bei hupigwa kama kwenye soko lenu la Memorial hapo Moshi. Anza juu sana. Watakushusha.